Kibaba Hakijazwi kwa Makofi

Kujitolea ni neno zuri, na kwa kuwa ni zuri limekuwa likikopwa na kila asiyetaka kulipa. Aliyeliunda alikichukua kitenzi "kutoa", akakinyambua, kisha akakirejesha kwa mtendaji mwenyewe, ikawa anayejitolea anatoa nafsi yake. Hatoi kilichomzidi, wala hatoi kilichochakaa. Lakini katika hafla za makabidhiano, pale magunia mawili ya mahindi yanapopangwa mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa na chupa za maji, neno hili hupoteza uzito wake. Huwa ni taji la karatasi wanalovishwa wananchi kwa kuifanya kazi ambayo mwenyewe ameitupa. Mgeni rasmi husimama, huwapongeza "wadau", huwataka na wengine waige mfano, hupiga picha na watoto, huondoka. Kesho yake, saa 6 mchana, watoto wale wale wana njaa ile ile, na wa kuwapikia ni mama yule yule ambaye hakupewa kiti katika hafla.

Sahani ya mchana ya mwanafunzi ni haki. Wanaoitoa kwa kujitolea katika mitaa ya miji yetu wanamkopesha aliye na wajibu wa kuitoa. Kwa maana hiyo, kuwaita wafadhili ni kuwapunja. Wao ni wadai, na mdai hapigiwi makofi akaambiwa aende zake. Mdai hulipwa.

Itazamwe Elerai. Hii ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa magharibi, na jina lake ni la Kimaasai, latokana na mgunga wenye gome la manjano. Mahali palipoitwa kwa jina la mti leo ni pa nyumba zilizobanana, vibanda, karakana na vichochoro, na juu ya mabati yake husimama Mlima Meru wenye mita 4,566, mlima ambao watalii huulipia fedha nyingi kuupanda. Wakaazi wengi wa kata za namna hii ni vibarua wa ujenzi, wachuuzi wa mboga, mafundi, madereva wa bodaboda, mama lishe na watumishi wa majumbani. Fedha yao huja kwa siku na huondoka kwa siku. Mvua ikinyesha siku mbili, kibarua hakuna; na kibarua kisipokuwapo, unga haupo. Mtoto wa nyumba hiyo hutoka alfajiri na chai ya rangi tumboni, pengine bila ya hata hiyo chai, na hutakiwa kukaa juu ya dawati mpaka mchana, akitambua herufi, akijumlisha, akijibu maswali, na mwisho wa mwaka akapimwa kwa mtihani mmoja na mtoto wa aliyekula mayai.

Wanaojitolea katika mitaa hii hawana ofisi wala gari lenye nembo mlangoni. Ni mwanamke wa kikundi cha kuweka na kukopa anayepunguza sehemu ya akiba yake kila wiki. Ni muuza nafaka wa Soko la Kilombero anayefunga kilo mbili za maharage asiziandike katika daftari la madeni. Ni fundi cherehani anayeziba kaptula iliyochanika bila ya kudai ujira. Ni mwalimu anayenunua kalamu kwa mshahara wake, akampa mtoto faraghani ili wenziwe wasione. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakosa ada ya kuendelea, anayefundisha hesabu jioni chini ya taa ya duka. Ni mzee mwenye mkokoteni anayeleta kuni. Hao ndio wanaoloweka maharage na mahindi usiku ili makande yaive kwa wakati. Ndio wanaokorogea uji, wanaosugua masufuria kwa majivu, wanaohesabu vikombe na kugundua kila siku kwamba watoto ni wengi kuliko vikombe.

Na hao wanajua adabu ambayo hafla haiijui. Aliyewahi kulala na njaa anajua kwamba njaa ina haya. Basi humwita mtoto kana kwamba anamtuma dukani, akamwambia, "Mwanangu, njoo unisaidie kubeba ndoo hii," na ndoo ikifika jikoni sahani iko tayari. Mtoto amekula, na hakuna aliyemtangaza. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, wala usambe ni utajiri. Wahenga wangeongeza kwamba kutoa pia ni kujua pa kuangalia wakati mwenzio anapokea.

Hayo ni ya mtaani. Ofisini khabari ni nyengine, na huanzia katika maneno. Mwanafunzi asiyefika skuli kwa sababu hakula jana huandikwa "mtoro". Daftari la mahudhurio lina alama ya aliyekuwapo na ya asiyekuwapo, lakini halina alama ya njaa. Msomaji wa pwani anajua neno hilo limetoka wapi. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, akajificha msituni au akaunda kijiji chake mbali na mashamba. Lilikuwa neno la mwenye mali akilalamikia mali iliyompotea. Leo neno hilo hilo amebandikwa mtoto wa miaka 9 aliyebaki nyumbani kwa sababu miguu haikuwa na nguvu ya kumfikisha. Aliyekimbia ni nani hapo? Ni mtoto aliyelala kitandani, au ni sahani iliyotakiwa kumngojea darasani ikawa haikuja?

Na pale inapobidi njaa itajwe katika ripoti, huvalishwa kanzu ndefu: "watoto wanaoishi katika mazingira magumu". Mazingira! Kana kwamba mtoto amezungukwa na miamba. Neno "njaa" lina silabi mbili na halihitaji mkalimani. Kulikwepa ni kumkwepa yule anayeulizwa, "Nani hakumlisha?" Mazingira hayana anwani, wala hayaitwi kikaoni kujieleza.

Historia ya jambo hili si ngeni kwa wasomaji. Visiwani elimu bila ya malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na siku hiyo huadhimishwa. Bara, Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto aingie skuli ya msingi. Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi ilibanwa na madeni, ada ikarudi, na watoto wakatoka. Mwaka 2001 ada ya msingi ikafutwa tena, madarasa yakafurika. Kuanzia mwaka 2004 ukaja mpango wa sekondari, na katika miaka iliyofuata zikaota shule za kata kila pembe ya Bara. Mwishoni mwa 2015 ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 mwanafunzi wa skuli ya serikali hakudaiwa ada mpaka kidato cha nne; mwaka 2022 ikatangazwa kwamba hata kidato cha tano na cha sita hawatalipa.

Hakuna mwenye akili timamu anayeyabeza hayo. Mzazi wa Elerai aliyekuwa akilipa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa sekondari ya kutwa alishusha pumzi. Lakini ni lazima kusemwe kilichofutwa na kilichobakia. Ada ilifutwa; sare, daftari, nauli na chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa vikabaki mabegani mwa mzazi, na waraka uliofuatia ukayaeleza hayo kuwa ni majukumu yake. Michango ya lazima ikapigwa marufuku, na mwezi wa Januari 2018 Rais Magufuli akarudia kwa ukali kwamba mwalimu asithubutu kumdai mzazi mchango wowote. Amri ile iliwaokoa wazazi wengi na udhalimu, kwani kulikuwa na skuli zilizomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya shilingi mia chache. Lakini amri ilikataza mchango na haikuleta chungu. Mahali palipokuwa na mchango wa makande pakawa patupu, na katika utupu ule ndipo walipoingia wanaojitolea.

Hesabu yenyewe yasema. Serikali iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa skuli ya msingi. Mwaka wa masomo una siku 194. Anayejua kugawa ataona kwamba hiyo ni kama shilingi 52 kwa siku, na humo humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na uendeshaji, chakula hakimo. Kwa upande wa pili, elimu bila ada ilipoanza, serikali hiyo hiyo ilikubali kumlipia chakula mwanafunzi wa bweni wa sekondari zake kwa kiwango cha shilingi 1,500 kwa siku. Kijana aliyechaguliwa kwenda Ilboru, kilima kidogo juu ya mji, analishwa kwa fedha ya umma, na ni haki yake. Mdogo wake aliyebaki Elerai katika skuli ya kutwa, mwenye tumbo la aina ile ile, hana senti moja ya chakula katika fungu. Basi haiwezi kusemwa kwamba dola haijui bei ya sahani. Bei inaijua. Imeamua tu ni nani wa kumnunulia.

Huja hapo jibu linalopendwa kuliko yote: "Chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi." Jibu hili lisidharauliwe, kwa sababu lina sheria nyuma yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 yasema wazi kwamba mzazi ana wajibu wa kumpa mwanawe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Wapo pia wazazi wanaokunywa fedha ya unga, na kila mtaa unawajua. Lakini jibu hili lina tundu mbili.

Tundu ya kwanza ni hii. Sheria ya Elimu ya 1978 yamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto skuli, na asiyempeleka hushitakiwa. Mtoto akishaingia lango, saa zake si za mzazi tena. Haruhusiwi kutoka kwenda kuokota embe, wala kumfuata mama yake sokoni apate kipande cha muhogo. Amefungwa kwa kamba ya sheria kuanzia asubuhi hata mchana. Afungaye mbuzi ndiye adaiwaye majani. Dola haiwezi kuishika kamba kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ikamwelekeza mwenye mbuzi kwamba majani yako kwake.

Tundu ya pili ni kwamba adhabu humshukia asiyekosa. Pale ambapo wazazi huchangia chakula kwa khiari, hutokea lililo baya kuliko skuli kukosa chakula kabisa: kengele hulia, waliochangiwa hujipanga na sahani, na wasiochangiwa huambiwa wakae kando. Mtoto hukaa nyuma ya darasa akiisikia harufu ya maharage, akijifunza somo ambalo halimo katika mtaala, kwamba utu wake una risiti na risiti yake haikukatwa. Mzazi mlevi hayuko pale. Aliyepo ni mwanawe. Na mama aliyeuguliwa, au baba aliyekosa kibarua wiki nzima, wamechanganywa na mlevi katika orodha moja ya "wazazi wasiotoa ushirikiano".

Wengine hurejea katika Elimu ya Kujitegemea, wakasema skuli zilime. Ni kweli kwamba Mwalimu alitaka skuli iwe na shamba na ile jasho lake, na ziko skuli za vijijini, zenye ekari na mvua, ambazo zimeweza. Lakini kata ya mjini italima wapi? Uwanja wa skuli umebanwa na ukuta wa jirani, kuna vumbi la kiangazi na matope ya masika, na madarasa yenyewe yamejengwa pale palipokuwa pa kuchezea. Kumwambia mwalimu mkuu wa Elerai alime mahindi ya wanafunzi ni kumwambia avue samaki kwenye mfereji wa barabara.

Yuko na mwenye kusema: Arusha haina upungufu wa wasamaria, mji umejaa mashirika. Kweli umejaa. Ni mji wa mikutano na utalii, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa miongo kadhaa vijana wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakilipa kampuni za kwao ili waje kujitolea kwa wiki mbili au tatu. Hapo Kiswahili cha mtaani kikaona haja ya neno jengine, kikasema "volontia", maana masikio ya watu yalitambua kwamba hili si lile. Anayejitolea hubaki, volontia hupanda ndege. Wamo miongoni mwao waliofanya la maana, na si uungwana kulikanusha. Lakini msaada wao hufuata walipofikia, hufuata sura iliyopendeza katika picha, na hukoma msimu ukikoma. Njaa haina msimu wa watalii.

Hata zile juhudi kubwa na za kudumu zina mpaka wake. Skuli ya St Jude, iliyofunguliwa Moshono mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, husomesha na kulisha kwa fedha za wafadhili watoto wa familia maskini wenye uwezo mkubwa darasani. Imewapa wengi maisha, na imethibitisha lisilohitaji tena kuthibitishwa, kwamba mtoto maskini aliyeshiba husoma kama mwengine yeyote. Lakini huko huingia aliyechaguliwa. Na yule asiyechaguliwa, asiye hodari wa hesabu, aliye wa kawaida tu kama walivyo watoto wengi duniani? Njaa haifanyi mtihani wa kujiunga. Humchukua kila aliyefika. Sahani nayo haina budi kuwa hivyo hivyo.

Watu wa pwani na visiwani walijua tangu zamani tofauti ya sadaka na wakfu. Sadaka huishia mkononi mwa mpokeaji. Wakfu hufungwa kwa hati. Duka, nyumba au shamba la minazi huwekwa ili pato lake lihudumie msikiti, madrasa au masikini, huwekewa msimamizi, huulizwa hesabu, na hudumu baada ya mtoaji kufa. Aliyeweka wakfu hakuhitaji kusimama mlangoni akitazamwa. Kilichokosekana katika sera ya chakula cha skuli ni roho hiyo ya wakfu: kitu kilichoandikwa, chenye fungu, chenye msimamizi wa kushitakiwa, kisichotegemea kama mama fulani ameamka mzima leo.

Kuna na hoja ya upande wa pili kabisa, nayo hutolewa na watu wenye nia njema. Husema: waacheni wanaojitolea wakome, kwa sababu kila sahani wanayoitoa inaifichia serikali aibu, wakiacha, serikali italazimika. Hoja hii ni ya mtu aliyekula. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na ndiyo maana anaweza kuupanga mgomo kwa tumbo la mtoto wa mwenziwe. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao. Mwili wake unakua sasa, na mwaka uliopita na njaa haurudi kudai fidia. Sufuria isiepuliwe. Kinachohitajika ni kuiwekea daftari pembeni.

Na Meru yenyewe imeacha mfano. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu wale hawakuwa na kitu, lakini walichanga, senti juu ya senti, wakamsafirisha Kirilo Japhet mpaka New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika huko, akadai ardhi ya watu wake. Kura hazikutosha, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini utazamwe mchango ule ulikuwa wa namna gani. Wameru wangeweza kuzitumia senti zile kununulia mablanketi ya waliofukuzwa, na jambo likaishia katika huruma. Waliwasitiri wenzao na wakati huo huo wakachanga kwa ajili ya dai. Mkono mmoja uliziba jeraha, mkono wa pili ukaandika mashitaka. Huo ndio urithi ambao wanaojitolea wa miji ya leo wamenyimwa, kwa kufundishwa kwamba anayetoa asiulize.

Basi waulize. Kila penye sufuria pawe na daftari lenye kuandikwa tarehe, idadi ya sahani, kilo za mahindi, kilo za maharage, bei ya kuni, saa za mpishi. Majina ya watoto yasiandikwe, maana si wao wanaodaiwa. Mwisho wa muhula hesabu ijumlishwe na ipelekwe katika mkutano wa mtaa, kisha kwa diwani, kisha katika baraza la halmashauri, si kwa kuomba, ila kama ankara. "Mumekopa sahani kadhaa kutoka kwa wananchi wa kata hii. Mutazilipa kwa fungu gani?" Diwani atakayeipokea ankara hiyo kwa makofi ataonekana kichekesho, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yatakapoanza.

Wala asiseme mtu kwamba fedha haitengeki. Sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zilipotakiwa, zilitenga. Kwa mikataba ya lishe, halmashauri zilitakiwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Kidogo, lakini kilihesabiwa. Ajabu ni kwamba mtoto huyo akitimiza miaka 5 na kukaribia lango la skuli, hesabu yake hukatika, kana kwamba tumbo hustaafu siku mtu anapojifunza kusoma. Arusha imejengewa uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya michuano ya Afrika ya 2027. Uwanja haupingwi, watu wana haki ya furaha. Lakini jiji linaloweza kuandaliwa viti 30,000 vya watazamaji lisiimbe kwamba limeshindwa na masufuria.

Wengine wameweza, na si matajiri peke yao. Finland ilitunga sheria ya chakula cha bure skulini mwaka 1943, ikiwa vitani, na ikaitekeleza kikamilifu mwaka 1948, ikiwa bado nchi ya shida. India ilifikishwa mahakamani, na mwezi wa Novemba 2001 Mahakama yake Kuu ya rufaa ikaamuru skuli za msingi za serikali ziwape watoto chakula kilichopikwa. Brazil, kwa sheria ya 2009, ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha skuli zinunue mazao ya wakulima wadogo, hata sahani ya mtoto ikawa soko la baba yake. Rwanda iliueneza mpango wake kwa wanafunzi wote wa elimu ya msingi na sekondari mwaka 2021. Na jirani kabisa, Kaunti ya Nairobi ilianza mwaka 2023 kupika katika majiko makubwa ya pamoja. Mtoto hulipa shilingi 5 za Kenya kwa kikuku cha mkononi kinachoguswa kwenye mashine, na mwenzie aliye nyuma yake katika foleni hajui kikuku kile kimejazwa na nani. Wale mama wa Elerai wanaomwita mtoto kubeba ndoo wangeifahamu maana ya kikuku hicho mara moja. Ni adabu yao ile ile, imepewa fungu.

Shaaban Robert, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alibuni nchi ya Kusadikika, nchi iliyo hewani. Nchi inayowalisha watoto wake kwa tamko ina hatari ya kuhamia huko. Elimu bila ada ni nusu ya ahadi. Nusu ya pili hupikwa. Kata za mjini zisizo na mashamba ndizo zianzwe, kwa fungu la kudumu katika bajeti ya halmashauri na ruzuku ya taifa juu yake, kwa kununua mahindi, maharage, ndizi na mboga za wakulima wa mteremko wa Meru, na kwa kuwalipa ujira wale wale ambao kwa miaka wamepika bila ya ujira. Hao wasifukuzwe jikoni siku fedha itakapokuja, kama ilivyo desturi fedha inapokuja. Waajiriwe, maana hakuna anayeijua kazi ile kuliko wao.

Haba na haba hujaza kibaba, husemwa kila penye mchango. Wanaolisema wamesahau kwamba kibaba kilikuwa kipimo halisi cha nafaka, robo ya pishi, na kilipimwa kwa mkono mbele ya mnunuzi, aone kama kimejaa. Wanaojitolea wameshatia haba zao, na mkono wao umefika chini ya mfuko. Kibaba kimefika nusu. Mwenye ghala asimame, afungue mlango, atie iliyobaki.